Mwosha Maiti wa Nalufenya

Mtaani kwetu Nalufenya, mjini Jinja, mtu mwenye safari ya maana alichungulia barabara kwanza kabla ya kutoka. Alikuwa akimchungulia mwosha maiti. Ilisemekana ukikutana naye asubuhi, safari yako imekufa: basi litaharibika njiani, au mgonjwa unayekwenda kumwona utamkuta ameshafunikwa. Yeye alilijua hilo vizuri. Akiwaona watu wamejibanza nyuma ya ua, alisimama, akaweka mfuko wake chini, akawasalimu kwa sauti ya kufika mtoni.

"Nimekuona, bwana! Mama watoto hajambo? Toka huko, utaumwa na siafu."

Mtu alitoka, akaitika, akaenda zake. Kama kweli kuna basi lililowahi kuharibika kwa ajili yake, mimi sikulisikia.

Nilimjua kwa sababu ya duka. Baba yangu aliuza nguo, na macho yake yalipofifia mimi ndiye niliyekaa kaunta. Tulikuwa na kanga, vitambaa vya gomesi, yale magauni mapana ya heshima ya wanawake wa kwetu, na kwenye rafu ya chini bafta nyeupe ya sanda. Wateja wengine waliiulizia bafta kwa kunong'ona, wakitazama pembeni. Yeye aliingia kama anayenunua chumvi. Aliishika kati ya vidole viwili, akaivuta, akaipandisha kwenye mwanga wa mlango.

"Hii nyepesi, Zaina. Marehemu alikuwa mwanamke wa heshima zake. Unataka watu wamwone?"

Nilimtolea nyingine. Sikumbuki hata mara moja nilipomshinda.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mipana kama ya mpiga makasia, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Miwa aliipenda kupita kiasi. Ingawa alikuwa mwanamke mtu mzima, aliitafuna waziwazi barabarani na kutema makapi popote yalipoangukia, kisha akafika dukani kunigombeza kwa vumbi la kizingitini. Nyumbani kwake kuku walilala uvunguni mwa kitanda. Mtu aliyejua usafi wa maiti kuliko yeyote mjini aliamka kila siku kufagia kinyesi cha kuku chumbani, na ukimuuliza, alikujibu kwamba kuku hawasengenyi.

Alisema Kiswahili na kila mtu. Sokoni jambo hilo lilimletea uadui. Kwa wanawake wengi wa pale, Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya "toa kitambulisho" na "lala chini". Mmoja aliyekuwa akiuza nyanya alimwambia wazi: "Mama, hiyo ni ya majeshi. Hapa tunasema Lusoga."

Lusoga alikijua, na alikitumia vizuri alipotaka kumtania mtu. Lakini siku ile alijibu kwa Kiswahili chake. "Lugha haijaiba kuku wa mtu. Aliyeiba alikuwa na bunduki." Akachagua nyanya zake, akaaga, akaenda.

Ndani ya chumba cha kuoshea hakuruhusu kilio. "Lia nje," alimwambia hata mama mzazi. "Humu kuna kazi." Watu walimwona ana moyo wa jiwe. Hao hawakumwona harusini, ambako alilia kwa kwikwi mpaka bibi harusi akaanza kuogopa kama kuna jambo amefichwa.

Kitu kimoja tu duniani alikiogopa, nacho ni ziwa. Hakuwahi kupanda mtumbwi. Kule mwaloni, mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, alitembea upande wa juu, mbali na maji, kama mtu anayempita mbwa asiyemwamini. Hata hivyo alikwenda mwaloni kuliko mahali pengine popote, kwa sababu huko ndiko waliko wanawake wasio na ndugu. Walitoka kila upande kuja kuanika mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, na kuuza pombe na chakula. Walipokufa, hakuna aliyejua pa kupeleka habari. Aliwaosha wote. Aliyekuwa Mwislamu alimwosha kwa taratibu za dini; asiyekuwa, alimwogesha tu vizuri, akamsuka nywele, akamvika nguo yake nzuri.

Sheikh wa mtaa alimwita siku moja. "Mama, yule wa jana si wetu."

"Ni wa nani basi, sheikh? Nionyeshe mwenyewe nimkabidhi."



Miaka hiyo ziwa lilibadilika tabia. Kwanza yalikuja magugu maji, yale ya maua ya zambarau, yakatanda hadi wavuvi wakashindwa kutoka na wanawake wakawa wanayasukuma kwa miti ili wapate nafasi ya kuchota. Chini ya majani yale kulikuwa na mbu, konokono na harufu ya kitu kilichosahauliwa. Kisha misimu ikavurugika. Kiangazi kilivuka mpaka wake, visima vya mtaani vikatoa tope, na hata watu wa juu kama sisi wakaanza kununua maji ya ziwa. Halafu mvua ikaja mwaka ule ambao kila mtu anaukumbuka, ikakataa kuondoka. Redio ziliitaja El Nino. Watu wetu walisema "Elinino" kama wanavyotaja jina la mwizi anayejulikana. Mtangazaji alieleza kwamba bahari za mbali zimepata joto, na kwamba dunia yenyewe inazidi kupata joto, ndiyo maana.

Mwosha maiti alisikiliza kwenye redio ya dukani kwetu hadi mwisho. Akaniambia, "Joto ni la mbali, sawa. Lakini choo kilichofurika ni cha hapa."

Alisema kweli. Ziwa lilikuwa limepanda mwaloni, likaingia kwenye vibanda na kwenye vyoo vya shimo, na maji yaliyotoka huko yalirudi palepale wanawake walipotumbukiza jerikani zao.

Wa kwanza kufa alikuwa mwanika mukene, mwanamke mnene mcheshi. Asubuhi alikuwa akigombana na mteja. Mchana macho yake yalikuwa yametumbukia na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Kabla ya jua kuzama akafa. Hakuna aliyelitamka neno kipindupindu. Mwosha maiti alikwenda na mwenzake wa kazi, Mariamu, mke wa fundi baiskeli, wakamwosha kama walivyoosha wengine wote, kwa mikono mitupu, wakaminya tumbo kama desturi inavyotaka.

Haikupita muda Mariamu akaanza kuharisha. Mwosha maiti alimfunga kwa kanga mgongoni mwa kijana wa bodaboda ya baiskeli, naye akakimbia nyuma ya baiskeli ile hadi kwenye hema la wagonjwa. Mariamu alipona. Mimba aliyokuwa nayo haikupona.

Baada ya hapo mwosha maiti alikuja dukani, hakugusa kitambaa. Alisimama mbele ya kaunta.

"Nilimwambia, wewe kamata miguu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Nilimpa kigoda, hakukaa. Aliondoka, na kwa siku kadhaa hatukumwona barabarani. Wale wa kuchungulia walitembea kwa raha.

Alikuwa kwenye hema. Kule kulikuwa na nesi mmoja, Mmasaba kutoka Mbale, mdogo kwa umri na mwepesi wa hasira, aliyeendesha mahali pale kama kambi ya jeshi. Alinihadithia mwenyewe baadaye jinsi yule mama alivyomwendea.

"Sista, nifundishe."

"Mama, jambo la kwanza ni usiguse."

"Nimesikia. La pili?"

Nesi alimfukuza. Alirudi. Alimfukuza tena, akamkuta nyuma ya hema anasugua ndoo. Mwishowe alichoka naye, akamwonyesha: glavu hadi kwenye kiwiko, dawa ya klorini na kipimo chake, pamba iliyolowekwa ya kuziba kila tundu la mwili, tumbo lisiminywe kabisa, maji machafu yamwagwe shimoni mbali na ziwa, nguo zichomwe. Mengine yalimwingia haraka, mengine alibishana. Kwa mfano, alishikilia kwamba magugu maji ndiyo yaliyoleta ugonjwa, na kwamba maji ya katikati ya ziwa ni safi. Nesi alimweleza mpaka akakauka koo. Juu ya maji ya katikati alikubali. Juu ya magugu alishikilia neno lake hadi mwisho. Aliyapiga teke kila alipoyaona, ingawa hayakuwa na kosa hilo.

Kisha akafa mwanamke mwingine mwaloni, Mwislamu, mama wa mabinti watatu. Siku ile nilikuwepo, kwa sababu nilipeleka sanda. Bwana afya alikuwa ameshafika na polisi wawili, na maiti imekwisha kuviringishwa kwenye plastiki nyeusi. Mabinti walikuwa wamekaa kwenye matope. Sheikh alikuwepo. Mwosha maiti alifika na ndoo mbili, glavu zimening'inia mkandani.

"Mama, hii maiti hapana oshwa," bwana afya alisema. "Iko amri. Inaenda shimoni sasa hivi."

"Amri ya nani?"

"Ya juu."

"Juu kabisa, au juu ya ofisi yako?"

Polisi mmoja alicheka, akajikohoza. Sheikh akasogea, kwa upole. "Mama, dini imetoa ruhusa. Maji yakiwa na madhara, maiti hutayamamishwa kwa udongo. Hakuna dhambi."

"Ruhusa ni ya asiyeweza, sheikh. Mimi naweza."

"Na ukiugua?"

"Mtaniosha kwa udongo, sitabisha."

Yule polisi wa pili, mtu wa kaskazini, mwenye uso wa kuchoka, akasema, "Mama, sisi tunatumwa tu."

"Najua, afande. Basi kaa hapo pembeni, ili ukirudi useme uliniona."

Sijui yangekwishaje kama nesi asingetokea. Alikuja akitembea haraka, viatu vimejaa tope, akatazama ndoo, akachovya kidole cha glavu akanusa. "Nani amepima hii?"

"Mimi."

"Imezidi maji. Ongeza dawa." Kisha akamgeukia bwana afya, akimwita daktari kwa lugha ya huko. "Musawo, mwache. Nitasimama mlangoni. Akikosea hatua moja, namtoa mimi mwenyewe."

Walizungushia mikeka. Sisi nje tulisikia sauti mbili tu: ya nesi akitaja kila hatua, na ya mwosha maiti akijibu "tayari". Mabinti waliacha kulia ili wasikie. Mama yao alitoka mle amevikwa bafta, si plastiki, akaswaliwa, akazikwa kabla ya mvua ya alasiri. Tangu siku hiyo bwana afya hakumpenda, lakini alimletea pipa la klorini, na hakuna aliyeugua kati ya waliofanya naye kazi.

Mwaloni walimwona shujaa. Ushujaa huo haukudumu, kwa sababu yeye mwenyewe aliuvunja. Kwenye matanga ya marehemu aliyefuata, ndugu walipika chakula kama ilivyo desturi: sufuria kubwa ya wali na nyama, watu wamekaa kwenye majamvi, mikono inaingia sinia moja. Alikuwa amewaonya mapema: mwaka huu matanga ni dua na pole, kisha kila mtu ale kwake. Walimwitikia "ndiyo mama" na kuendelea kukoleza moto. Alifika, akaangalia majamvi, akatazama maji ya kunawia katika beseni moja lililokwisha kuwa kijivu. Akaishika sufuria kwa kanga yake, akaipindua. Wali wote ukaenda mchangani.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Ndani ya njaa ya mwaka ule, kumwaga chakula! Kaka wa marehemu alimrukia, mkono juu.

"Nipige," alimwambia. "Ukimaliza, unawe mikono."

Mkono ulibaki juu. Mtu akacheka kwa hofu, mwingine akaanza kumtukana, na matanga yakavunjika. Walimwita mchawi, Mswahili asiye na adabu, mwanamke wa majeshi. Mimi nadhani alikuwa sahihi, na pia nadhani angeweza kufanya kwa heshima zaidi. Nilipomwambia hivyo, alisema heshima alikwisha kuijaribu asubuhi.

Kuna gari la matangazo lililopita mitaani siku zile, likisema kwa kipaza sauti kwamba ugonjwa unaletwa na uchafu wa watu wa mwaloni. Lilikuwa linapita mbele ya duka letu mwosha maiti alipokaa katikati ya njia, likalazimika kusimama.

"Sema yote," alimwambia dereva. "Sema pia ziwa limewapandia. Sema bomba la maji linaishia hapa kwa wenye nyumba za mawe, huko chini halifiki. Uchafu wao umezidi nini, kama si kwamba maji yamewafuata?"

"Mama, mimi nasoma tu nilichopewa."

"Basi nipe mimi nisome."

Hakupewa. Lakini gari lilizima kipaza sauti, na lilivuka Nalufenya likiwa kimya.

Mvua zilipopungua na hema likakunjwa, mwenye nyumba alimpa mwosha maiti notisi ya kuhama. Alisema wapangaji wengine wanaogopa. Eti mama huyu analeta kipindupindu kwenye nguo zake. Nilidhani atapigana. Aliyepigana na polisi na sheikh na jamaa wa marehemu alifunga kuku wake miguu, akawagawa mtaani, akapanda basi la Mbale kwa binti yake. "Kupigania chumba cha kupanga?" aliniambia kwenye kituo. "Hapana. Nguvu si nyingi hivyo." Alikuwa amezeeka, na mimi sikuwa nimeona.

Yalipita mavuno mawili. Mimi huenda Mbale kuchukua nguo kwa wenye maduka ya jumla, na safari moja mwenye duka, akijua nimetoka Jinja, aliniuliza kama namjua mama mmoja Mswahili huko Wanale anayewasumbua watu wa matofali. Niliacha mzigo wangu dukani, nikaenda.

Wanale iko chini ya mlima unaosimama kama ukuta juu ya mji wa Mbale. Zamani, binti yake aliniambia huku akinipeleka, watu wa pale walilala na mablanketi mawili, na homa ya mbu ilikuwa ugonjwa wa kupata ukishuka bondeni. Sasa usiku ulikuwa na joto, na mbu walikuwa wamepanda. Watoto waliozaliwa pale damu yao haikuijua homa ile. Walishikwa na degedege asubuhi, wazazi wakasema ni mashetani, wakatafuta mganga, na jioni mtoto alikuwa amekufa. "Mama alikuja kupumzika," alisema. "Walijua kazi yake, wakaanza kumwita awaoshe."

Tulimkuta chini ya mashamba ya migomba, mahali walipochimba udongo wa matofali. Kulikuwa na mashimo mawili makubwa yaliyojaa maji ya mvua, ya kijani, na ukiinama ungeona viluwiluwi vya mbu vinavyojipinda. Alikuwa ametandika mkeka ukingoni mwa shimo la kwanza, amevaa sweta jua likiwa kali, anatetemeka.

"Zaina," alisema, bila mshangao. "Kaa."

"Mama, una homa. Twende zahanati."

"Nimekunywa dawa. Homa iko kichwani. Makalio ni mazima, yanaweza kukaa."

Nilikaa. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa ileile. Aliyatazama maji.

"Mtu mzima namwosha na wenzangu wawili," alisema. "Hawa wa hapa ninawashika peke yangu, wanatosha kwenye mikono hii. Nimechoka na watu wanaotosha kwenye mikono, Zaina. Nataka nikose kazi."

Mwenye mashimo alifika kwa pikipiki, mtu mzima mwenye kofia nzuri, na vibarua wake wakasimama na makoleo wakingoja neno. Hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akamwamkia, kisha akasema, "Mama, tumezungumza jana. Hii ni ardhi yangu."

"Ardhi yako, nakubali. Na mbu? Wakae basi kwenye ardhi yako."

"Nitauza nini nikiziba? Watu wanajenga."

"Chimba, uzibe, uchimbe tena. Sikukatazi matofali. Nakukataza maji."

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Leo niko mpaka magharibi. Kesho nakuja tena."

Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mashambani na majembe begani. Mmoja alisimama kutazama. Mwingine, aliyekuwa amenyoa nywele kwa msiba, alikuja akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Kisha wakaja wengine, wakakaa kwenye nyasi. Mwenye pikipiki alimtazama yule aliyenyoa. Nadhani alimjua, na alijua amemzika nani. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Zibeni hili," aliwaambia vibarua.

Walikata mfereji kwanza, maji yakatoka kuelekea mtaroni, kisha wakaanza kurudisha udongo. Wanawake hawakungoja kuitwa. Waliingia na majembe yao. Mimi nilivua viatu nikaingia nao, na gauni langu la safari likaharibika kabisa. Mwanga wa jua linalozama ulikuwa umepanda ukuta wa mlima shimo lilipokuwa limejaa udongo, na watu wakalikanyagakanyaga wakicheka.

Mwenye mashimo alipangusa jasho. "Haya, mama. Umeridhika? Sasa nenda nyumbani ukapumzike."

Mwosha maiti alinipa mkono, nikamwinua. Alikuwa wa moto kama mtu aliyetoka jikoni. Alikung'uta udongo kwenye mkeka, akaukunja kwapani, akatembea polepole hadi kwenye shimo la pili, akautandika, akakaa.